Tatu Hadi Tisa

Kondoo wa tano alipokutwa kando ya uzio,
tumbo wazi, theluji ikimganda kopeni,
nilifuta mikono kwenye suruali, nikawasha gari,
nikaenda mjini kwa Delbert Krogh
kununua nisichokijua.

Duka linanuka mafuta ya mashine na kahawa iliyolala.
Shemeji yangu Anton alikwisha kunishauri kwa simu:
"Chukua kubwa, ya kuangushia kulungu. Mnyama ni mnyama."
Delbert alinisikiliza, akajikuna shingo.
"Hiyo itakuchubua bega," akasema,
"na haitakuachia hata ngozi ya kushonea glavu.
Koyote ni kilo kumi na tano tu, Maite.
Kilo kumi na tano na njaa."

Akashusha bunduki tatu ukutani,
akafungua makomeo, akanionyesha chemba tupu,
akataka na mimi nitie kidole nihakikishe.
"Fumba macho. Pandisha begani. Fumbua."

Ya kwanza ilinitazamisha dari.
Ya pili ilikuwa nzuri mno, mbao yake ya mjozi iking'aa
kama viatu vya bwana harusi;
bei yake kondoo wanne wenye mimba.
Ya tatu nyeusi, kitako cha plastiki, sura haina,
lakini nilipofumbua, ilikuwa tayari inatazama
nilikokuwa ninatazama mimi.
Mbili-mbili-tatu, akaitaja,
kama nambari ya chumba cha hoteli.
Risasi yake nyembamba kuliko kidole changu cha mwisho.
"Ina teke la mwanakondoo."
Teke hilo nalijua. Nikasema ndiyo.

Ubishi ukaja kwenye darubini.
Mimi nilitaka ile ndefu, ya mara ishirini na nne,
niliyoishika mkononi nikaona, ng'ambo ya barabara,
saa ya benki na mavi ya njiwa juu ya saba.
Wanasema mwenye macho haambiwi tazama.
Mimi niliambiwa, tena kwa kipimo:
"Tatu hadi tisa inakutosha.
Na ukikaa porini, iache kwenye tatu."

Niliitikia. Kuitikia si kusikia.

Jumamosi kabla ya jua,
mgongo kwenye mwamba, upepo usoni,
mtutu juu ya vijiti viwili vilivyopandana,
nilizungusha pete ya darubini mpaka tisa.
Nimelipia tisa, kwa nini nitumie tatu?
Nikapuliza filimbi: kilio cha sungura anayekufa.
Sungura wangu alikuwa na pumu. Niliona aibu
mbele ya mawe.

Dakika saba. Nane. Vidole vikaanza kusahau kazi.

Akatokea nisikotazamia, kushoto,
hatua ishirini, labda pungufu,
masikio yamesimama, mguu mmoja hewani
kama mtu aliyekumbuka kitu mlangoni.
Nikaelekeza.
Ndani ya kioo hapakuwa na koyote.
Palikuwa na manyoya,
ukungu wa kijivu, unywele mmoja wenye ncha nyeusi,
kisha nyasi,
kisha nyasi,
kisha moyo wangu ukitikisa nyasi.

Nilipoinua kichwa alikuwa juu ya mgongo wa kilima,
amegeuka, ananitazama
bila darubini.

Nilitoa risasi chemba, nikaitia mfukoni.
Ilikuwa bado baridi.

Jumatatu Delbert hakuuliza.
Alinimiminia kahawa yake mbaya akangoja niseme mwenyewe.
Sikusema. Nilinunua utepe mweusi, wa senti themanini,
nikaifuata bunduki garini, nikahakikisha ni tupu,
nikairudisha pete kwenye tatu
na kuifunga utepe pale pale kaunta, mizunguko miwili, ikwame.
Akautazama ule utepe muda mrefu.
Halafu akanisogezea sukari.